Jigoro Kano: Gwiji wa judo aliyewafunza wanafunzi wake kukimbia

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Mlima Kenya hufika mahali paitwapo Makutano, ambapo barabara hugawanyika. Mmoja hushika njia ya Sagana na Nyeri. Mwingine hupinda kulia, akapita mashamba ya mpunga ya Mwea, akafika Embu, Chuka na hatimaye Meru, mji ambao nao una Makutano yake.

Dereva hawezi kushika njia zote mbili kwa wakati mmoja. Wanamichezo wengi chipukizi huyatazama mazoezi yao vivyo hivyo. Kijana wa mieleka huambiwa kwamba mbio ndefu zitamkondesha na kumpunguzia nguvu. Mkimbiaji naye huonywa kwamba mieleka itamvunja mguu. Na yule aliyekomaa, akaombwa kuwaelekeza wenzake, hulalamika kwamba kazi hiyo inamlia muda wake.

Aliwahi kuwapo mtu mmoja aliyeishi pale zinapokutana njia hizo tatu, na ambaye hakukubali kuiacha hata moja. Huyo si mwingine ila Jigoro Kano, Mjapani aliyeasisi mchezo wa judo na kufariki mwaka 1938. Ingawa hakuwahi kufika Kenya, kivuli chake kimewafikia wakimbiaji wetu kwa njia ambayo wengi hawaijui.

Mdogo aliyeonewa bwenini

Kano alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, ambacho leo ni sehemu ya jiji la Kobe. Jamaa zake walikuwa watengenezaji wa pombe ya mchele, naye baba yake, Jirosaku, alifanya kazi serikalini. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, na muda si mrefu baadaye akapelekwa Tokyo kusoma.

Darasani alikuwa hodari, hasa katika lugha ya Kiingereza. Mwili wake, hata hivyo, ulikuwa mdogo na mwepesi. Hata alipokuwa mtu mzima, kimo chake hakikufika sentimita 160. Alipoingia shule ya bweni, wavulana wakubwa walimwonea, na uhodari wake wa vitabu haukumkinga.

Alikuwa amesikia kwamba kuna sanaa ya kale iitwayo jujutsu, ambayo humwezesha mtu mdogo kumwangusha mkubwa. Tatizo lilikuwa kumpata mwalimu. Japani ilikuwa katika mageuzi makubwa yaliyoanza mwaka 1868. Tabaka la samurai lilikuwa likivunjwa, na watu waliziona sanaa za mapigano kuwa mabaki ya zama zilizopita. Walimu wengi wa jujutsu walikuwa wameacha kufundisha, wakawa wanajipatia riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika.

Kano alitumia ujanja. Badala ya kuwauliza watu ni nani afundishaye jujutsu, aliwatafuta waunga mifupa. Mmoja wao alimwelekeza kwa mzee Hachinosuke Fukuda, na mwaka 1877, mwaka ule ule alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo, kijana huyo akaanza kujifunza.

Jitu liitwalo Fukushima

Katika ukumbi wa Fukuda, mafunzo yalikuwa ya kubwagwa tu. Mwanafunzi alipouliza mbinu fulani hufanywaje, mzee alimrusha chini, kisha akamrusha tena, hadi mwili wa mwanafunzi ujionee wenyewe. Kano alirudi nyumbani akiwa na michubuko tele, na kesho yake akarejea.

Miongoni mwa wenzake alikuwamo mtu wa miraba minne aitwaye Kanekichi Fukushima. Kila Kano alipomshika, alishindwa kumtikisa. Alijaribu mbinu za sumo, mieleka ya jadi ya Wajapani, lakini nazo hazikufua dafu. Hatimaye alikwenda maktabani kusoma vitabu vya mieleka ya nchi za kigeni.

Humo alipata wazo la kuinama, kuingia chini ya mwenzake na kumbeba mabegani kama mtu abebavyo gunia la mahindi, kisha kumtupa. Aliifanyia mbinu hiyo mazoezi na rafiki zake kabla ya kuitumia. Siku alipomkabili tena Fukushima, jitu lile lilikwenda chini. Mbinu hiyo ingali inafundishwa katika judo hadi leo kwa jina la kataguruma.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ushindi wa mdogo dhidi ya mkubwa. Kuna jambo jingine ndani yake linalopaswa kuangaliwa. Kano hakutafuta misuli ya kulingana na ya Fukushima, kwa kuwa alijua hataipata kamwe. Alitafuta namna ya kuitumia vyema nguvu ndogo aliyokuwa nayo. Wazo hilo ndilo lililokuja kuwa msingi wa mafundisho yake yote.

Kufunza kabla ya kuhitimu

Mzee Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano, ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alijikuta akisimamia mazoezi ya wenzake. Baadaye alijiunga na mwalimu mwingine, Masatomo Iso, ambaye umri ulikuwa umemwelemea, hivyo kazi kubwa ya kukabiliana na wanafunzi ikamwangukia kijana huyo.

Hicho kilikuwa kipindi kigumu. Mchana alikuwa na masomo ya siasa, uchumi na falsafa. Jioni alishikana na wenzake mmoja baada ya mwingine, akimrekebisha huyu na kumwangusha yule, bila nafasi ya kupumzika. Usiku alirudi nyumbani akiwa hoi.

Hapo ndipo alipokabiliana na swali linalomkabili kila mwanamichezo aliyepewa jukumu la ukocha. Je, muda wa kuwanoa wenzake ni muda uliopotea kwake mwenyewe? Jibu la Kano lilionekana katika matendo. Aliligeuza somo la kila mwenzake kuwa zoezi lake. Kwa mwanafunzi mzito alijifunza namna ya kuuvunja wizani wa mtu. Kwa mwepesi alijifunza kasi. Kwa kuwa alilazimika kueleza, aligundua kwa nini mbinu hufanya kazi, jambo ambalo walimu wake wengi hawakuwahi kulieleza kwa maneno.

Iso naye alifariki mwaka 1881, na Kano akaenda kwa mwalimu wa tatu, Tsunetoshi Iikubo, bingwa wa mbinu za kurusha. Kwa miaka kadhaa mzee huyo alimbwaga apendavyo. Kisha siku moja mambo yaligeuka, mwanafunzi akawa ndiye anayembwaga mwalimu. Kano alikuwa amegundua kwamba siri si kumwinua mtu kwa nguvu, bali ni kumwondoa kwanza katika msimamo wake. Mtu aliyepoteza wizani huanguka kwa msukumo mdogo.

Mikeka 12 hekaluni

Mwaka 1882, akiwa na umri wa takriban miaka 22, Kano alikodi chumba katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo. Kilikuwa na nafasi ya mikeka 12 tu. Mwaka wa kwanza aliandikisha wanafunzi tisa. Shule hiyo aliiita Kodokan, na mchezo wake akauita judo, yaani njia ya upole.

Watawa wa hekalu hawakufurahia. Kishindo cha watu walioangushwa kiliitikisa sakafu, na vibao vya kumbukumbu ya marehemu vikawa vinaanguka. Kano mwenyewe alilazimika kuingia chini ya sakafu kurekebisha nguzo.

Alipunguza mbinu za hatari katika mazoezi ya kila siku. Mapigo na mateke, pamoja na mbinu za kuvunja viungo vidogo, aliyatenga na kuyaweka katika mazoezi ya kupangwa. Alibakisha kurusha, kupiga ngwala, kumbana mtu chini, kabali, na kupinda kiwiko kwa tahadhari. Wapo waliodhani anaipunguzia sanaa makali yake. Ukweli ni kwamba aliipa kitu ambacho haikuwa nacho. Mwanafunzi aliweza kushindana kwa nguvu zake zote leo, na kesho akarudi akiwa mzima.

Pumzi ilipata nafasi yake hapo. Katika kipindi cha baridi kali, wanafunzi wa Kodokan walifika ukumbini kabla ya jua kuchomoza kwa siku 30 mfululizo. Wakati wa kiangazi walifanya mazoezi katika joto la mchana. Aidha, yalikuwapo mashindano ambamo mshindi hakwenda kupumzika. Alibaki uwanjani akamkabili mpinzani wa pili, wa tatu na wa nne, hadi aangushwe au atoke sare.

Katika mashindano ya aina hiyo, kamba hukatikia pabovu. Mwenye mbinu mia moja na pumzi ya dakika mbili huonekana bingwa kwa mpinzani wa kwanza, na mbele ya wa tatu huwa mtoto mdogo. Mikono inapochoka, mshiko hulegea, na mshiko ukilegea mbinu hubaki kichwani tu.

Kano aliweka pia madaraja ya ujuzi, ambayo baadaye yaliambatanishwa na mkanda mweusi unaojulikana kote duniani. Wawili wa kwanza kupewa daraja hilo mwaka 1883 walikuwa Tsunejiro Tomita na Shiro Saigo. Daraja halikuwa pambo. Aliyelipata alitarajiwa kuwainua waliokuwa chini yake.

Si kila jambo lilikwenda sawa. Mwaka 1889 Kano alisafiri kwenda Ulaya na kuwaachia wanafunzi wake wakubwa uangalizi wa shule. Akiwa huko, Saigo, aliyekuwa mpiganaji wake hodari kuliko wote, aliiacha Kodokan na hakurejea. Saigo alipofariki mwaka 1922, Kano alimpa daraja la sita, heshima ambayo marehemu hakuweza kuivaa. Kuwafunza watu ni kujenga mnara, na hata fundi mzuri huona jiwe likichomoka.

Shule nzima yatimua mbio

Mwaka 1893 Kano alifanywa mkuu wa chuo cha juu cha ualimu jijini Tokyo. Aliushika wadhifa huo, kwa vipindi mbalimbali, hadi mwaka 1920. Watu walitarajia kwamba bwana wa judo angemvisha kila mwanachuo vazi la judo. Alifanya hivyo kwa kiasi, lakini alikwenda mbali zaidi.

Aliagiza wanachuo wote washiriki mbio za masafa marefu, na wakati wa kiangazi wafunzwe kuogelea. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Si kila mtu anaweza kupata ukumbi wenye mikeka, mwenza wa kushikana naye na mwalimu wa kumwongoza. Kutembea na kukimbia hakuhitaji chochote ila miguu na njia. Mwalimu atakayetumwa kijijini ataweza kuwafunza watoto maskini kukimbia bila kudai senti moja.

Zaidi ya hayo, aliona kwamba mazoezi hayo hayashindani na judo. Kila moja hulipa jingine lilichokosa. Kushikana humfundisha mtu kumsoma mwenzake na kutumia nguvu kwa wakati wake. Mbio humpa moyo na mapafu ya kuendelea pale mwenzake anapotweta.

Mwaka 1910 alijiunga na chuo hicho kijana mmoja kutoka mkoa wa Kumamoto, Shizo Kanakuri. Utotoni Kanakuri alikuwa akienda shule kwa miguu, kilomita kadhaa kwenda na kurudi, huku akikimbia pamoja na wenzake. Msomaji wa Embu au Meru hahitaji kuelezwa maisha hayo. Katika mbio za chuo za mwaka huo, mgeni huyu alimaliza wa tatu, akiwaacha nyuma mamia ya waliomtangulia chuoni.

Pigo la Stockholm

Kano alikuwa amekwisha kuwa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1909. Mwaka 1911 aliongoza kuundwa kwa chama cha michezo cha Japani, na mnamo Novemba yakafanyika majaribio ya kuchagua wanariadha. Kanakuri alishinda mbio za marathoni.

Mwaka 1912 Japani ilipeleka wanariadha wawili tu katika Olimpiki za Stockholm: Kanakuri na mkimbiaji wa masafa mafupi, Yahiko Mishima. Walisafiri kwa meli na kwa reli kupitia Siberia kwa zaidi ya wiki mbili. Kocha wao, Hyozo Omori, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na mara nyingi hakuweza kuwasimamia. Jua la kiangazi cha Sweden halikuzama mapema, na usingizi ukawa adimu.

Siku ya marathoni, Julai 14, joto lilipita nyuzi 30. Takriban nusu ya waliotoka hawakufika. Francisco Lázaro wa Ureno alianguka njiani na kufariki. Kanakuri alizidiwa karibu na kilomita ya 27, akatunzwa na familia moja ya Waswidi, kisha akaondoka kimyakimya bila kuwaarifu waandalizi.

Kwa Kano, aliyekuwapo Stockholm, lilikuwa somo chungu. Ustahimilivu alioujenga chuoni ulikuwa wa kweli, lakini haukutosha. Mwanariadha alihitaji pia kocha aliye mzima, usingizi, chakula alichokizoea, na maarifa ya kukabiliana na joto. Kanuni aliyoihubiri ya kutumia nguvu kwa njia iliyo bora ilikuwa imevunjwa kabla ya mbio kuanza, kwa kuwa nguvu za kijana huyo zilimalizwa na safari na upungufu wa maandalizi.

Kanakuri hakutupwa. Alikimbia tena katika Olimpiki za 1920 na 1924, akawa mwalimu na mkufunzi wa vijana. Mwaka 1967, akiwa mzee, alialikwa Stockholm akavuka utepe wa mbio alizoziacha miaka 54 kabla.

Kijiti chafika Kenya

Kazi kubwa zaidi ya Kanakuri ilikuwa kushiriki kuanzisha mbio za kupokezana za Hakone mwaka 1920, ambazo hukimbiwa na vyuo vikuu kati ya Tokyo na Hakone kwa siku mbili. Vyuo vinne vilishiriki mwaka huo wa kwanza, na mshindi akawa chuo kile kile cha ualimu kilichokuwa kimeongozwa na Kano.

Mbio za namna hiyo ziliota mizizi, hata makampuni na shule za sekondari za Japani zikaunda timu. Timu zilihitaji wakimbiaji, na macho yakageukia Kenya. Mwaka 1989 Joseph Otwori alikimbia Hakone. Douglas Wakiihuri, aliyefunzwa Japani, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Samuel Wanjiru, aliyekwenda kusoma sekondari jijini Sendai mwaka 2002, aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing, miaka mitatu kabla ya kifo chake.

Safari ya mwisho

Katika uzee wake, Kano aliitetea Tokyo iwe mwenyeji wa Olimpiki za 1940, na mwaka 1936 ombi hilo likakubaliwa. Mwaka uliofuata, Japani iliivamia China kwa vita kamili. Kano, ambaye shule yake ya lugha ilikuwa imewasomesha vijana wengi wa China, akiwamo mwandishi Lu Xun, alijikuta akiitetea michezo ya amani wakati bunduki za nchi yake zikilia.

Machi 1938 alihudhuria mkutano wa kamati mjini Cairo, katika ardhi ya Afrika. Aliporejea kwa meli ya Hikawa Maru kupitia Amerika, aliugua kichomi na kufariki baharini Mei 4, siku mbili tu kabla ya kutia nanga Yokohama. Alikuwa na umri wa miaka 77. Miezi miwili baadaye Japani ilijiondoa kuandaa michezo hiyo.

Tokyo ilipata Olimpiki zake mwaka 1964, na judo ikaingia humo kwa mara ya kwanza. Katika michezo hiyo hiyo, Wilson Kiprugut alitwaa nishani ya shaba ya mita 800, ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Kenya. Mchezo wa mzee na medali yetu ya kwanza vilikutana katika mji mmoja.

Kijana wa Makutano anayeamka alfajiri kukimbia, jioni akashikana na wenzake juu ya nyasi, kisha akabaki kumwonyesha mdogo wake namna ya kuanguka bila kuumia, hana sababu ya kudhani kwamba anajigawa vipande vitatu. Afuate alichokifanya Kano: kila zoezi lipewe kazi yake, na mwili upewe mapumziko yake. Na akiombwa kufundisha, asikatae. Kano alipanda ngazi kwa kuwainua aliowashika mikono.